Jamvi la Ras Kisimani

Kiselema ni jembe lililochakaa. Limelima misimu na misimu hata bamba lake likabaki kiasi cha kiganja, na ukiliweka kando ya jembe jipya lililotoka dukani na rangi yake, hakuna mtoto wa mtu atakayeinama kuliokota. Wahenga, ambao walitoa jasho shambani kabla ya kutoa methali, walituonya: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Walitaka tujue kwamba kitu kikongwe na kinyonge chaweza kuifanya kazi iliyokishinda kitu kipya chenye nguvu. Asiyeamini na asogee, asikie yaliyomkuta Arafa binti Hafidhi, meneja wa kiwanda kidogo kuliko vyote katika Kundi la Makampuni ya Mkadam.

Kundi hilo halihitaji mpiga mbiu. Ukioga asubuhi, sabuni ni yao. Ukikaanga changu, mafuta ni yao. Ukilala, godoro ni lao, na mvua ikinyesha, bati lililo juu ya kichwa chako huenda nalo ni lao. Lilikuwa na makampuni kumi na moja, malori mengi kuliko ng'ombe wa tajiri wa bara, na makao makuu ya ghorofa tisa jijini Dar es Salaam ambako hata maji ya kunywa huletwa kwa sinia. Vijana wengi waliofanya kazi katika ghorofa zile hawakujua kwamba utajiri wote ule ulitoka katika tope la pwani ya Mafia.

Mwanzilishi, Mzee Mkadam Shaibu, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Bwejuu. Alianza na tanuri moja la kukaushia mbata pale Kilindoni. Nazi zikifuliwa, makumbi yake yalitupwa, na yeye hakupenda kuona kitu kikitupwa. Aliwauliza wanawake wa pwani wao huyafanyia nini, nao wakamwonyesha. Huyafukia kwenye tope linalofunikwa na maji yakijaa, huyaacha humo miezi tisa, kisha huyafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka ganda na unga vitoke, ukabaki usumba mweupe wa kusokotea kamba. Mzee akajenga banda, akawaajiri. Kamba zao zikafika Kilwa na Lamu. Kamba zikazaa kinu cha mafuta, na kinu kikazaa kiwanda cha sabuni.

Zama za viwanda vikubwa kuwa mali ya umma zilipowadia, kinu kikaenda, na sabuni ikaenda. Lile banda la makumbi peke yake lilisalia, kwa sababu waliokuja kuorodhesha mali walipofika mlangoni walishika pua wakageuza. Makumbi yaliyotoka topeni yananuka, hilo halifichiki. Katika uvundo ule Mzee Mkadam alianza upya akiwa na mvi kichwani, na milango ya biashara ilipofunguliwa tena alikuwa tayari. Alipofariki, uenyekiti ulishikwa na binti yake, Bi Shamsa, na baada ya miaka akaingia mpwa wake Mudrik, kijana aliyesoma ng'ambo, akapewa ukurugenzi wa mipango. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

Arafa aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na sita, akiponda makumbi. Sasa alikuwa na hamsini na miwili, anaongoza wanawake sitini na wanne, na mikono yake ingali na sugu za rungu. Katika kalenda ya Kundi viwanda kumi vilikuwa na picha zao za rangi. Cha Kilindoni kilitajwa kwa maandishi madogo chini ya Desemba, na hakikuwa na picha. Arafa aliliona hilo kila mwaka na kila mwaka lilimuuma, ingawa hakumwambia mtu.

Mudrik aliwasili kwa ndege ndogo ya asubuhi, viatu vikimeta. Arafa alimpeleka pwani maji yakiwa yamekupwa. Mashimo yalitapakaa mbele yao, kila moja limezungushiwa mawe na kuwekewa vijiti vya alama.

"Yanakaa humo muda gani?" aliuliza Mudrik.

"Miezi tisa, Mkurugenzi."

"Miezi tisa!" Mudrik alicheka. "Bi Arafa, kiwanda chetu kipya cha bara kina mashine inayochana makumbi mabichi tani kumi kwa siku. Asubuhi kumbi, jioni usumba. Na nyinyi bado mnazika vitu topeni?"

Bibi Umi, mkongwe wa kiwanda, alikuwa akiinuka kutoka shimoni, tope limemfika magotini. Alikuwa wa umri wa nyanya yake Mudrik, na hakuwa mtu wa kumwogopa mwajiri.

"Mwanangu," alisema, "hata wewe mama yako alikubeba miezi tisa. Angekutoa kwa mitatu, leo tungekuwa na mkurugenzi?"

Wanawake walicheka hadi kushikana mabega. Mudrik naye alitabasamu, lakini tabasamu lake halikufika machoni. Juma lililofuata barua ilikuja. Kiwanda cha Kilindoni kitafungwa mwisho wa mwaka. Wafanyakazi wanashukuriwa kwa utumishi wao.

Arafa aliisoma barua ile mara tatu akiwa peke yake ofisini, kisha akalia. Hakulia kwa ajili ya cheo. Aliwafikiria wale sitini na wanne: nani anasomesha nani, nani ni mjane, nani ametoka juzi tu kuezeka nyumba. Kisha hasira ikaja ikakausha machozi. Alikuwa amesikia kwamba Kundi linashindania kazi kubwa. Bahari ilikuwa inakula pwani ya Ras Kisimani, pale ulipokuwa mji wa kale, na kampuni moja ya kujenga kingo ilitaka majamvi ya usumba ya kulaza ufukweni ili yaushike mchanga. Atakayeshinda Ras Kisimani angepewa kazi ya pwani nzima ya kusini. Sampuli ya Kundi ilikuwa itoke kwenye ile mashine ya bara.

Akampigia simu Bi Shamsa. Katika miaka ishirini ya umeneja hakuwahi kufanya hivyo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, Arafa. Umeniudhi. Nilidhani utapiga siku ile ile ya barua."

"Sikupiga kuomba huruma, Bi Mkubwa. Naomba nafasi. Nasi tulaze jamvi letu Ras Kisimani, kando ya lile la bara. Likikatika, nitaondoka bila neno."

Bi Shamsa alizaliwa hatua chache kutoka lile banda, na alikuwa msichana mdogo siku wale waorodheshaji waliposhika pua. Alikumbuka pia kwamba ada yake ya shule ililipwa na kamba.

"Wiki tatu," alisema hatimaye. "Upana wa pima moja, urefu wa pima ishirini. Majamvi yatalazwa kabla ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, na yataachwa miezi mitatu. Hakuna wa kwetu wa kuyakaribia mpaka siku ya ukaguzi. Lakini Arafa, jamvi lako likikatika, barua ya Mudrik itasimama, na mlango wa baba yangu nitakuja kuufunga mwenyewe."

Furaha ilimsahaulisha Arafa alichokijua, mpaka alipofungua ghala. Lilikuwa tupu. Usumba wote ulikuwa umesafirishwa siku kumi nyuma kwenda kujazia magodoro ya Kundi. Na mashimo ya kiwanda, yote, yalikuwa na miezi mitano tu.

Hapo akafanya kosa ambalo mpaka leo haoni haya kulisimulia. Alimwambia kila mtu kwamba anakwenda kukagua, akaenda na jembe peke yake, akafukua shimo moja. Alijiambia kwamba miezi mitano si haba, kwamba labda tope la mwaka huu lina nguvu. Akatoa kumbi, akaliweka juu ya gogo, akalipiga. Unga haukutoka. Akapiga tena. Nyuzi zilikatika vipande vifupi, ngumu, za rangi ya kutu. Alikuwa amezijua nyuzi nzuri tangu usichana, na hizi hazikuwa hizo. Shimo lenyewe lilikuwa limekwisha kuharibika, maana likishaingiwa na hewa kabla ya wakati halifai tena. Akakaa juu ya mawe, tope hadi mapajani, akajiona mjinga aliyewapotezea wenzake tumaini na shimo pia.

Bibi Umi alimkuta hapo hapo. Hakumkaripia.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Niseme nini, bibi? Ghala tupu, mashimo machanga. Nimeomba vita na sina silaha."

"Mashimo ya kiwanda ni machanga," alisema Bibi Umi. "Ya kwetu je, yaliyokwisha kuiva?"

Arafa alinyanyua kichwa. Kila mwanamke wa pwani ile alikuwa na shimo lake la nyumbani, mbali na la kazi. Usumba wake ulikuwa wa mambo ya mtu binafsi: kamba za kitanda cha binti anayeolewa, kamba za kufungia paa, akiba ya siku mbaya. Na mila ya huko ni kwamba shimo la mtu halifukuliwi na mkono wa mwingine. Hata mwenyewe akifa, ni mrithi wake tu alifukuaye. Meneja hakuwa na ruhusa ya hata kuliulizia.

"Siwezi kuwaomba hilo," alisema.

"Nani amesema uombe? Hilo niachie mimi. Basi nyamaza."

Kesho yake, maji yalipokupwa, Arafa alifika pwani akasimama ameduwaa. Bibi Umi alikuwa ameinama juu ya shimo lake, lile alilokuwa akilitunza kwa arusi ya mjukuu. Alisema bismillahi, akatoa jiwe la kwanza. Kando yake Mwanahija, mama wa watoto watano, alitoa la kwake. Kisha mwingine, na mwingine. Kufikia adhuhuri wanawake thelathini na saba walikuwa topeni, kila mmoja kwenye shimo lake, na uvundo ulipanda mpaka sokoni hata wauza samaki wakalalamika, jambo ambalo si la kila siku. Jioni mtumbwi ukaja kutoka Bwejuu umejaa makumbi yaliyoiva. Wanawake wa huko walikuwa wamesikia, wala hawakungoja kuitwa.

Shukrani Arafa aliziweka kwa baadaye. Akachukua rungu akaanza kuponda.

Walifanya kazi siku kumi na nane. Waliponda, wakaosha, wakaanika, wakasokota, na kamba zile wakazifuma jamvi lenye macho madogo, jeupe, zito, la kunyumbuka. Arafa alizipitisha nyuzi mkononi moja moja. Kila palipokuwa na ulegevu palifumuliwa, hata kama aliyefuma alinuna. Walimaliza siku mbili kabla ya muda. Mwanahija alisema angelala juu yake lau si uvundo.

Majamvi mawili yalilazwa Ras Kisimani siku moja, mbele ya Zuena, mhandisi wa ile kampuni ya kingo, mwanamke wa maneno machache aliyevaa kofia pana. La bara lilikuwa la kupendeza, haki ya Mungu. Lilifumwa kwa mashine, mistari imenyooka kama daftari la mwalimu, rangi ya dhahabu. Jamvi la Kilindoni kando yake lilionekana kama shuka la mgonjwa. Mudrik alilitazama, akamtazama Arafa, akanyamaza kwa heshima. Kunyamaza kule kulimchoma Arafa kuliko kicheko. Zuena akapigilia vigingi, akaandika urefu wa mchanga kwenye kila kigingi, akawaambia wote waondoke.

Bamvua la kwanza lilipita na upepo mkali. La pili likapita. Arafa alikatazwa kwenda, hivyo akaishi kwa habari za wavuvi. Mwezi wa pili mvuvi mmoja wa Bwejuu, Muhidini, alipita kiwandani kununua kamba.

"Bi Arafa, nimepita Kisimani. Nimeona jamvi moja tu."

"Lipi?"

Muhidini alijikuna shingo. "La rangi ya dhahabu. Lenu jeupe silioni. Pengine macho yangu."

Macho ya Muhidini huona kundi la samaki kutoka maili nzima, na Arafa alilijua hilo. Hakumwambia mtu yeyote. Alikula kidogo, akalala kidogo, na kila alipomwona mmoja wa wale thelathini na saba aliona shimo tupu alilomsababishia. Mwezi wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko miaka yake yote ya kazi.

Siku ya ukaguzi wote walikwenda. Bi Shamsa alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa na bakora yake, na Mudrik pembeni. Wanawake walijaa kwenye magari mawili ya kukodi. Waliposhuka ufukweni, habari ya Muhidini ikawa kweli mbele ya macho yao. Jamvi la bara lilikuwapo, limechanika hapa na pale, limening'inia kwenye vigingi. La Kilindoni halikuwapo kabisa. Ulikuwapo mchanga mtupu, umelala laini, na majani ya pwani yametambaa juu yake.

Wanawake waligeuka kumtazama Arafa.

"Limechukuliwa na maji," alisema Mudrik. Hakusema kwa furaha, tuseme ukweli. "Pole sana, Bi Arafa. Angalau letu limebaki."

Zuena alikwenda kwenye jamvi la bara, akalishika kwa mikono miwili akalivuta. Likakatika kama mkate wa juzi. Alitazama kigingi chake. Mchanga ulikuwa umeshuka chini ya alama karibu shubiri nzima. Kisha akasogea upande wa pili akakitafuta kigingi cha Kilindoni, akakuta ncha yake tu imechomoza. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akacheka.

"Nipeni koleo," alisema.

Alichimba kiasi cha dhiraa moja. Koleo likagonga kitu kikakataa kuingia. Zuena akapiga magoti, akafagia mchanga kwa mikono, na weupe ukaonekana. Jamvi lilikuwa pale pale walipolilaza, limekaza, kamba zake hazijalegea hata moja.

"Halionekani kwa sababu limefanya kazi yake," alisema akiinuka. "Limeukamata mchanga mpaka ukalifunika. Miezi mitatu, na ufuko umepanda dhiraa nzima. Sijaona jambo hili popote. Vuteni."

Wavuvi sita waliokuja kutazama wakashika ncha ya jamvi wakavuta kama wavutao wavu uliojaa. Mishipa iliwasimama shingoni. Jamvi halikuachia hata uzi.

"Usumba huu umekaa katika maji ya chumvi kabla haujawa kamba," alisema Zuena. "Chumvi ilishamaliza hila zake topeni. Ule wa mashine ndiyo kwanza ulikutana na bahari hapa. Bi Shamsa, kazi ni ya Kundi lako. Lakini nitaandika kwenye mkataba kwamba majamvi yatoke Kilindoni, na Kilindoni peke yake. Ufuko huu, kisha pwani yote hadi kusini."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Bwejuu. Mwanahija alimkumbatia mhandisi bila kuomba ruhusa. Bibi Umi alikaa mchangani akasema alhamdulillahi mara nyingi. Arafa alilia waziwazi mbele ya wakubwa wote, na hakujali.

Bi Shamsa alingoja kelele zitulie, kisha akainua bakora.

"Sikilizeni. Kiwanda hakifungwi. Kitajengwa mabanda mengine matatu, na watu mia mbili wataajiriwa kisiwani humu. Mashine ya bara itaendelea na magodoro, ndiyo kazi inayoiweza. Na kuanzia leo, meneja wa Kilindoni ana kiti katika bodi ya Kundi." Akamgeukia Arafa. "Sasa sema wewe. Unataka zawadi gani?"

Arafa alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Bi Mkubwa, jamvi hili halikufumwa kwa mali ya Kundi. Limetoka kwenye mashimo ya watu, akiba ya nyumba zao. Kabla ya banda, kabla ya kiti, mashimo yao yajazwe kwanza."

Bi Shamsa alimtazama mpwa wake. Mudrik alikuwa bado ameshika kipande cha jamvi la dhahabu kilichokatika. Alikitupa, akasogea mbele ya wanawake wote, akasema kwa sauti iliyosikika: "Nilikosea. Niliwatazama nyinyi kwa pua, sikuwatazama kwa macho. Mashimo yenu nitayajaza mimi."

Wengi walidhani ni maneno ya mkutanoni. Lakini siku ya tatu, maji yalipokupwa Kilindoni, mkurugenzi wa mipango wa makampuni kumi na moja alishuka pwani miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, tenga la makumbi begani. Bibi Umi alimwelekeza shimo la kwanza, akamkosoa mara mbili jinsi anavyopanga, na mara ya tatu akamwacha. Alijaza mashimo thelathini na saba kwa siku nne, kisha akavuka Bwejuu kujaza ya huko, na kila shimo lilizibwa na mkono wa mwenyewe. Alipomaliza mgongo ulikuwa ukimuuma, ananuka kupita maelezo, na watoto wa Kilindoni walikuwa wamekwisha kumzoea. Kundi la Mkadam lina viwanda vikubwa na mashine mpya, na zote zilishindwa na tope la wanawake wa Mafia. Kwa hiyo usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.